Pampu ya juu, ya jeti au ya kuzamisha: ipi iingie kisimani kwako?

Mtu akienda kutafuta pampu ya kisima, swali la kwanza analoulizwa huwa ni lilelile: unataka ya HP ngapi? Naye, asionekane hajui, hutaja namba. Nusu. Moja. Moja na nusu. Wiki mbili baadaye pampu inanguruma vizuri kabisa, umeme unaliwa, na koki ya jikoni inakohoa hewa.

Pampu yenyewe haina kosa. HP inaeleza nguvu ya mota tu, haisemi kama maji yatafika juu. Linaloamua hilo ni kisima. Na baada ya kisima kuna swali ambalo watu hawaliulizi mpaka siku maji yamekatika: pampu ikigoma, nani ataifungua, na atahitaji nini mkononi? Nimekaa na pampu ya juu kwa miaka, sasa nina ya kuzamisha. Ya juu ilinisumbua mara kwa mara, kidogo kidogo, na kila tatizo nililiona kwa macho. Ya kuzamisha imenyamaza muda mrefu, na siku ilipogoma ilinidai watu wanne, kamba na asubuhi nzima. Kwa sehemu kubwa, kuchagua pampu ni kuchagua usumbufu unaouweza.

Nitalinganisha aina tatu: pampu ya juu inayonyonya, pampu ya jeti yenye mabomba mawili, na pampu ya kuzamisha. Kila moja nitaipima kwa kina inachofikia, umeme inaokula, ufungaji wake, jinsi inavyoharibika na mtu inayemfaa.

## Kabla ya pampu, pima kisima

Namba ya kwanza ni kina cha maji yaliyotulia, yaani kutoka mdomo wa kisima hadi uso wa maji wakati hakuna aliyevuta kwa saa kadhaa. Chukua kamba isiyonyumbuka, osha kwa maji ya klorini, funga nati nzito mwishoni, ishushe polepole. Ikigusa maji utasikia chubwi, na kamba italegea kidogo kati ya vidole. Bana hapohapo usawa wa mdomo wa kisima, vuta, pima. Kwenye kisima chembamba cha bomba sauti hudanganya, maana nati inagonga kuta. Hapo tumia futi ya chuma iliyopakwa chaki mita chache za mwisho: chaki ikilowa inabadilika rangi, unasoma maji yalipoishia.

Namba ya pili ndiyo inayoamua mambo: kina cha maji wakati yanavutwa. Kisima kilichotulia kwenye mita 6 kinaweza kushuka hadi mita 11 baada ya kuvutwa saa moja. Ukinunua pampu kwa kufuata ile mita 6, utapata maji ya dakika kumi, kisha hewa. Pima baada ya kuvuta mfululizo, na ukiweza pima mwishoni mwa kiangazi, kisima kikiwa katika hali yake mbaya kuliko zote.

Ya tatu ni uwezo wa kisima kujirudishia maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika moja, unavuta lita 1,200 kwa saa. Kama kwa kasi hiyo maji yanashuka mpaka mahali fulani kisha yanatulia, kisima kinaimudu. Yakiendelea kushuka, hakiimudu. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono chenye upana wa mita 1 kina akiba ya lita 785 katika kila mita ya maji. Kisima kirefu cha bomba la inchi 4 kina kama lita 8 tu kwa mita. Kile kipana kinaisamehe pampu kubwa kupita kiasi, kile chembamba hakisamehi.

Ya nne ni kimo cha jumla. Tuseme maji yanapovutwa yako mita 32 chini, mnara wa tangi una mita 6, na tangi lenyewe lina urefu wa mita 2. Hiyo ni mita 40. Ongeza kama asilimia 10 kwa msuguano ndani ya bomba, unapata mita 44. Sasa chukua grafu ya pampu, siyo lebo iliyobandikwa ubavuni. Lebo huandika kimo cha juu kabisa na lita nyingi kabisa, na namba hizo mbili hazitokei pamoja kamwe: kwenye kimo cha juu kabisa pampu inatoa lita sifuri, na kwenye lita nyingi kabisa haipandishi maji popote. Unachotafuta ni pampu ambayo kwenye mita 44 bado inatoa, mathalani, lita 1,500 kwa saa.

Je, lita 1,500 zinatosha? Umoja wa Mataifa hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 300 hadi 600. Pampu ya kiasi hicho inazimaliza chini ya nusu saa. Matatizo mengi ya visima vya nyumbani niliyoyaona yalitokana na pampu kubwa kuliko kisima, si ndogo kuliko mahitaji.

## Pampu ya juu inayonyonya

Kina. Tunasema pampu inavuta maji, lakini haivuti. Inaondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje, unaokandamiza maji kisimani, ndio unaoyasukuma yapande. Mafundi wa pampu wa Florence waliona katika karne ya 17 kwamba maji hugoma kupita kama mita 10. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli akaonyesha sababu kwa kutumia zebaki: hewa inaweza kushikilia zebaki ya urefu wa sentimita 76 hivi, ambayo uzito wake ni sawa na maji ya mita 10.3. Hata ufunge HP 5, hewa haiongezeki uzito.

Kwa vitendo, ukiondoa msuguano na mapungufu ya pampu, panga mita 7, na hiyo ni karibu na usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza zaidi kidogo ya mita 1. Nyumba iliyo kwenye mwinuko wa mita 2,000 ipange mita 5, isitamani zaidi. Hesabu inaanzia kwenye pampu yenyewe hadi kwenye maji yanayovutwa, si yaliyotulia.

Wapo wanaoishusha pampu kwenye jukwaa ndani ya kisima ili kuyakaribia maji. Pampu ya umeme, ikifungwa vizuri na kukingwa, inawezekana. Ya injini ya petroli, kamwe. Moshi wake hujaa kisimani, na anayeshuka kuizima hapandi tena.

Umeme. Nyingi za nyumbani ni kilowati 0.37 hadi 0.75. Inachomekwa ukutani, na jenereta ndogo ya kawaida mara nyingi huiwasha.

Kufunga. Hapa fundi wa nyumbani anaweza kujitegemea. Bomba la kunyonya lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, na lipande kuelekea kwenye pampu bila kuwa na nundu mahali popote, maana nundu ni ghala la hewa. Valvu ya chini, ile yenye chujio inayoruhusu maji kupanda na kuyazuia kurudi, ikae nusu mita au zaidi chini ya maji na mbali na tope. Nyuzi za kukazia kila kiungo zizungushiwe tepu. Jaza bomba na pampu maji mpaka yafurike kabla ya kuwasha. Pampu ikizunguka kavu, sili yake, ile inayozuia maji yasivuje kwenye mhimili wa mota, inaungua ndani ya dakika chache.

Ikigoma. Karibu kila mara ni hewa. Mwaka mmoja pampu yangu ilianza kupoteza maji kila asubuhi. Nikabadilisha sili. Wiki iliyofuata nikabadilisha impela, gurudumu la ndani linalosukuma maji. Kumbe yunioni moja (kiungo cha bomba kinachofunguka) ya bomba la kunyonya ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Sikuuona kwa sababu upande wa kunyonya hautoi maji nje: unaingiza hewa ndani, na bomba linabaki kavu, safi, halina neno. Kilichoufichua ni povu la sabuni. Pampu ikiwa inafanya kazi nilipaka povu zito kwenye kila kiungo, na kwenye yunioni ile povu likanywewa mbele ya macho yangu.

Kama viungo ni vizima, shuku valvu ya chini. Zima pampu, jaza maji kupitia tundu la juu, kisha tazama. Yakishuka taratibu, punje ya mchanga au kijiwe kimezuia valvu isifunge. Yasiposhuka, rudi kwenye kamba na nati, huenda kisima kimeshuka kupita mita zako. Mota ikivuma bila kuzunguka, zima umeme kabisa na jaribu kuzungusha feni ya nyuma kwa mkono. Ikigoma kuzunguka, imekwama, jambo la kawaida kwa pampu iliyolala miezi. Ikizunguka laini, kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, ndiyo mshukiwa. Usiiguse kwa vidole, hubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa.

Inamfaa nani. Mwenye kisima kifupi kisichoshuka sana, anayependa kushika spana mwenyewe, na ambaye mtaalamu wa karibu yuko mbali.

## Pampu ya jeti

Kina. Mota iko juu, lakini mabomba mawili yanashuka. Moja linarudisha chini sehemu ya maji kwa presha mpaka kwenye jeti, kipande chenye tundu jembamba kilichozama majini. Maji yanayopita hapo kwa kasi hushusha presha pembeni yake, yanazoa maji ya kisima, na yote yanapandishwa na bomba la pili. Ndivyo inavyokiruka kile kikomo cha mita 7 za kunyonya, kwa kusukuma kutokea chini. Mita 20 hadi 25 ni kawaida yake. Zaidi ya hapo inawezekana, lakini maji yanakuwa machache.

Umeme. Hapa ndipo inapolipa gharama ya ujanja wake. Kadiri kisima kilivyo kirefu, ndivyo sehemu kubwa ya maji inayoyasukuma inavyorudi tu chini kuendesha jeti. Kwa kina kilekile na lita zilezile, itakula umeme mwingi kuliko ya kuzamisha.

Kufunga. Mabomba yote mawili lazima yajazwe maji kabla ya kuwasha, na hujui ni maji mengi kiasi gani mpaka uanze kumimina. Jeti yenyewe inachaguliwa kwa jedwali la mtengenezaji kulingana na kina: ya mita 12 ikifungwa kwenye kisima cha mita 22, mota inazunguka siku nzima bila faida. Pampu ikishashika, valvu ya kurekebisha presha hufunguliwa polepole sana. Ukiifungua kwa pupa, jeti inakosa maji ya kuiendesha na unaanza upya.

Ikigoma. Ina magonjwa yote ya pampu ya juu, na moja la kwake: tundu la jeti kuziba kwa kutu au mchanga. Dalili ni presha kupungua wiki baada ya wiki bila kishindo, mota inapata joto, na geji inacheza bila kupanda. Kulizibua ni kuvuta mabomba yote mawili. Uzuri ni kwamba mota, kipande ghali kuliko vyote, haijawahi kulowa.

Inamfaa nani. Mwenye maji kati ya mita 8 na 25, au mwenye kisima kilichopinda au chembamba mno kwa pampu ya kuzamisha, ambaye anatumia maji ya kiasi na hataki kitu cha umeme kisimani. Wengi siku hizi wanairuka. Kwa kisima kilichopinda, huenda ikawa ndiyo pekee inayoingia.

## Pampu ya kuzamisha

Kina. Inakaa ndani ya maji na kusukuma, kwa hiyo uzito wa hewa hauihusu. Ndani yake impela zimepangwa moja juu ya nyingine, na kila moja inaongeza kimo. Za nyumbani hufika mita 100 na kupita. Nyingi ni za inchi 4, na ziko pia za inchi 3 kwa visima vyembamba. Pima upana wa ndani wa kesingi, yaani bomba linaloshikilia kuta za kisima, usiamini kumbukumbu ya aliyechimba.

Umeme. Kwa kazi ya mita 44 na lita 1,500 kwa saa, maji yenyewe yanahitaji kama wati 180. Ukiongeza hasara za pampu na mota, unafika wati 450 hivi. Tatizo lake ni kuwaka: jenereta iwe na kilowati mara 3 hadi 5 za mota, la sivyo inazimika au mota inaungua taratibu kwa volti ndogo. Vivyo hivyo waya: waya mwembamba wa mita 80 hula volti njiani, na mota inalipa kwa joto. Fuata jedwali la mtengenezaji la unene wa waya kwa urefu.

Kati ya hizi tatu, hii ndiyo inayoafikiana zaidi na sola. Zipo za umeme wa paneli moja kwa moja, bila betri. Jua likiwaka inapandisha maji tangini, usiku unatumia yaliyoko. Tangi ndilo betri.

Kufunga. Pampu ining'inie kwa bomba na kamba ya nailoni imara au waya wa chuma cha pua, isining'inie kwa waya wa umeme hata dakika moja. Waya ufungwe kwenye bomba kila mita 3 hivi. Kiungo cha waya kinachozama kifanywe kwa mipira inayosinyaa kwa joto, iliyotengenezwa kwa kazi ya majini. Tepu nyeusi ya kawaida haidumu. Ishushe chini ya kina cha maji yanayovutwa, lakini mita chache juu ya sakafu ya kisima, ilipo mchanga.

Jambo moja linasahaulika sana. Mota hupoozwa na maji yanayopita ubavuni mwake yakielekea kwenye chujio lililo juu yake. Kwenye bomba jembamba kwa kawaida hayana njia nyingine. Kwenye kisima kipana cha mkono, maji huingia kwenye chujio kutoka pembeni bila kuigusa mota, nayo inachemka ikiwa imezungukwa na maji baridi. Dawa ni kuivisha pampu kipande cha bomba kama koti, kilichofungwa juu na wazi chini, ili maji yalazimike kupita kwenye mota.

Weka pia kinga ya kukauka, iwe elektrodi zinazohisi maji, swichi ya boya au kisanduku kinachozima pampu maji yakiisha.

Ikigoma. Huioni, kwa hiyo unaisoma kwa umeme. Klampu mita, kipima ampea kinachobana waya kwa nje, kwenye waya mmoja wa pampu inasema mengi. Ampea sifuri: hakuna umeme unaofika, au waya umekatika. Ampea chini sana kuliko kibao cha mota: inazunguka bila mzigo, ama maji yameshuka, ama njia imeziba. Ampea juu sana na breka inakata: imekwama kwa mchanga, au kapasita ya kuwashia imekufa, au volti ni ndogo. Kisha, umeme ukiwa umezimwa, fundi apime ukinzani kati ya nyaya na ardhi kwa mega, kifaa cha kupima kama umeme unavuja: chini ya megaohmu 0.5 ni dalili mbaya ya waya, kiungo au mota. Ampea zikiwa sawa na maji hayaji, shuku bomba lililopasuka humohumo kisimani. Wakati mwingine utasikia maji yanachuruzika ukitega sikio kwenye mdomo wa kesingi.

Yote hayo ufanye kabla ya kuvuta. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 32 lina lita 0.8 kwa kila mita. Kwa mita 50, ukiwa umelibeba limejaa, ni kilo 40 za maji, na bado hujahesabu bomba, waya na pampu. Bomba la plastiki la kukunjika unatembea nalo uwanjani likitoka. Bomba la chuma la vipande linahitaji kigogo, vibano na watu wasio na haraka.

Inamfaa nani. Yeyote ambaye maji yake yanapovutwa yanapita mita 8, na hasa mwenye kisima kirefu, anayeweza kumpata fundi au watu wa kuvuta siku ikifika. Maji yenye mchanga mwingi huila impela, kwa hiyo kisima kipya kisafishwe hadi kitoe maji meupe kabla ya kuishusha.

## Tangi la juu au tangi la presha?

Aina yoyote utakayochagua, maji lazima yaingie mahali. Tangi la juu linatoa presha kwa kimo tu: mita 10 ni kama bari 1, kwa hiyo mnara wa mita 6 unakupa bari 0.6. Kwa koki na choo inatosha. Bafu la kumwaga kama mvua litakuwa la upole. Faida yake ni akiba umeme ukikatika, na kisima cha polepole kinajaza usiku kucha bila kulazimishwa. Ugonjwa wake mkuu ni swichi ya boya kunasa: ama tangi linafurika, ama halijai.

Tangi la presha ni dogo, lina mpira ndani, upande mmoja hewa, mwingine maji. Swichi ya presha inawasha pampu kwenye, tuseme, bari 2 na kuizima kwenye 3.5. Hewa hujazwa tangi likiwa halina maji, bari 0.1 hadi 0.2 chini ya presha ya kuwasha. Watu wengi hushangaa kwamba tangi la lita 100 linatoa lita 30 hivi tu kabla pampu haijawaka tena.

Pampu ikianza kuwaka na kuzima kila sekunde chache, nenda kwenye kidude cha kujazia hewa, kile kama cha tairi, na ubonyeze sindano yake. Ikitoka hewa, pima presha na uiongeze. Yakitoka maji, mpira umepasuka. Usiliache hilo kesho na keshokutwa: mota nyingi za kuzamisha zinatakiwa zikiwaka zikae angalau dakika 1, na kila kuwaka kwa haraka kunapunguza maisha yake. Kama inawaka hata koki zote zikiwa zimefungwa, maji yanatoroka mahali, aidha bomba linavuja au valvu ya kuzuia kurudi haifungi.

Hayo mawili unaweza kuyaunganisha: tangi la juu kwa akiba, na pampu ndogo ya presha inayotoka tangini kwa ajili ya bafu.

## Maji yakikatika, usianze na pampu

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua chochote, na mfumo wote uwe nyuma ya kinga ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja. Kisha anza na vya bure: breka, fyuzi, boya la tangi, koki uliyoifunga mwenyewe ukasahau, chujio lililojaa tope. Fungua mfuniko wa swichi ya presha. Sisimizi hupenda joto la humo, huingia kati ya mabamba ya shaba, wakaungua, na mabamba hayagusani tena. Umeme ukiwa umezimwa, pangusa na ukague.

Usishuke kisimani kuokota kitu. Hewa mbaya mara nyingi haina harufu, na mtu wa pili anayeshuka kumwokoa wa kwanza huanguka vilevile. Na kila kisima kikifunguliwa, kabla ya kunywa maji yake tia klorini kwa kipimo kilichoelekezwa kwenye dawa, acha ikae, kisha vuta mpaka harufu iishe.

## Kwa hali yako

Maji yanapovutwa hayapiti kina cha mita 6, kisima kipana, nyumba karibu: pampu ya juu na tangi lolote. Kama uko juu milimani, punguza mita kwanza kabla ya kufurahi.

Kati ya mita 7 na 9 mahesabu yanayumba. Kiangazi kimoja kibaya kinaitoa pampu ya juu kazini. Hapa ningechagua kuzamisha au jeti hata kama leo ya juu inatosha.

Kisima kirefu kinachotoa lita 300 kwa saa: pampu ndogo ya kuzamisha, kinga ya kukauka, na tangi kubwa la juu. Tangi la presha peke yake litakikausha.

Umeme unakatika kila siku: kuzamisha kwa sola na tangi la juu, au bakiza nafasi ya pampu ya mkono. Afridev, kwa mfano, ilitengenezwa kwa visima vya hadi mita 45 hivi, na ukarabati wake ni wa spana moja au mbili.

Nyumba ya wikendi, pampu inalala miezi: ya kuzamisha huvumilia zaidi kuliko ya juu, ambayo sili yake hukauka na valvu yake ya chini huvujisha maji. Ukiwa na ya juu, iwashe kidogo kila mwezi, au mwachie jirani ufunguo.

Fundi wa karibu yuko safari ya siku nzima na kina chako ni mita 15: jeti, pamoja na umeme wake wa ziada. Mota utaigusa kwa mkono, na siku ikifa utaibeba begani bila kuita mtu.